Je, Wajua? Picha Moja Ilivyomponyoka Mfalme, na Maajabu Mengine ya Hadithi

Sogea hapa kwenye benchi, ndugu msomaji. Tumezoea kuona magari ya mashirika ya misaada yakipita Sange, barabara ya taifa namba 5, yamebeba unga, dawa na mahema. Leo tuuache huo mzigo. Tuongee juu ya kitu kisichopakiwa kwenye gari wala kulipiwa mafuta: hadithi. Hadithi imewang'oa wafalme, imefunga masoko ya watumwa, imebadilisha mawazo ya nchi nzima. Na mara nyingi imeanzia hapahapa kwetu. Kaa vizuri!

KONGO ILIPOITIKISA DUNIA

Je, wajua kwamba Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aliimiliki Kongo kama shamba lake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908, na hakuikanyaga hata siku moja? Miaka 23! Nchi kubwa kuliko Ubelgiji mara zaidi ya 70, na mwenyewe hakuwahi hata kunywa maji yake.

Na wajua nani alimshtukia? Karani wa meli. Edmund Dene Morel alikuwa akikagua mizigo bandarini Antwerp, akaona meli zinazotoka Kongo zimejaa mpira na pembe za ndovu, lakini zinazokwenda Kongo zimebeba bunduki na risasi. Akajiuliza swali moja tu: hawa watu wa kule wanalipwa nini?

Mwaka 1904 Morel na wenzake wakaanzisha Congo Reform Association, chama cha kutetea watu wa Kongo. Miezi sita ya kwanza ya 1906 aliandika barua 3,700. Hesabu mwenyewe: barua 20 kwa siku, Jumapili nayo ndani!

Lakini kabla yake alikuwepo mwingine. Mwaka 1890, Mmarekani mweusi aitwaye George Washington Williams alimwandikia Leopold barua ya wazi akiwa Stanley Falls, mji tunaouita leo Kisangani. Alikuwa amesafiri mwenyewe, ameuliza watu mwenyewe, ameandika alichokiona.

Sasa hii hapa ishike kwa mikono miwili. Mei 1904, baba mmoja aitwaye Nsala alifika kwenye misheni ya Baringa amebeba kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Mmisionari Alice Seeley Harris akampiga picha akiwa ameketi barazani, anavitazama. Picha hiyo moja ilisema yale ambayo ripoti za kurasa mia zilishindwa kusema.

Wajua picha hizo zilisafirije bila simu wala televisheni? Alice na mume wake John walizionyesha kwa taa na vioo ukutani, kanisani na kumbini, watu wakikaa gizani kimya. Katika miaka miwili ya kwanza ya kazi hiyo walihutubia mara 600!

Mwaka 1905 mwandishi maarufu Mark Twain akaingia naye. Alitunga kijitabu ambamo Leopold anailaani kamera kwa kuwa ndiyo shahidi pekee aliyeshindwa kumhonga. Mapato ya kijitabu hicho yakaenda kwenye kampeni ya Kongo.

Mwisho wake? Tarehe 15 Novemba 1908 Leopold alinyang'anywa Kongo, ikawekwa chini ya serikali ya Ubelgiji. Uhuru ulikuwa bado mbali, lakini mfalme mwenye jeshi alikuwa ameshindwa na karani, mama mwenye kamera, na baba mmoja aliyekubali kuketi barazani ili dunia ione.

ZIWA LETU LINA SIRI

Je, wajua kwamba soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa msaada wa habari iliyotoka Maniema? Tarehe 15 Julai 1871, msafiri David Livingstone aliona wafanyabiashara wa watumwa wakifyatulia risasi watu waliokuwa sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba. Wafanyabiashara hao wenyewe walikadiria waliokufa kufikia 400, wengi wao akina mama waliokuja kuuza na kununua.

Livingstone aliiandika vipi habari hiyo? Karatasi zilikuwa zimemwishia, wino umemwishia. Akaandika juu ya gazeti kuukuu, kwa wino aliotengeneza kutokana na mmea! Maandishi yalififia hata ikabidi wataalamu wa karne hii wayamulike kwa taa maalumu ndipo yasomeke tena.

Habari ya Nyangwe ilipofika Uingereza mwaka 1872, watu walichemka. Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba, soko likafungwa. Leo mahali pale pamesimama kanisa, na madhabahu yake ipo palepale ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa.

Na unajua Livingstone alikuwa wapi miezi minne tu baada ya Nyangwe? Huku kwetu! Novemba 1871, yeye na mwandishi wa habari Stanley walipanda mtumbwi hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika kuuliza swali moja: je, mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia? Mtoto yeyote wa Uvira angewajibu bila hata kuacha mchezo wake.

Ng'ambo ya ziwa hilihili, upande wa Tanzania, ndiko Gombe. Mwaka 1960 Jane Goodall alifika huko kuwachunguza sokwe, akafanya jambo lililowaudhi wataalamu: badala ya kuwapa namba, aliwapa majina. Mmoja alimwita David Greybeard, yaani David Mwenye Ndevu za Mvi, na dunia nzima ikampenda.

Mwaka 1991 mama huyo aliwakaribisha wanafunzi 12 barazani kwake Dar es Salaam, wakaanzisha kikundi cha kutunza mazingira kiitwacho Roots & Shoots. Vijana 12 tu! Leo kikundi hicho kina matawi katika nchi nyingi duniani.

MASHIRIKA YALIYOZALIWA NA KALAMU

Je, wajua kwamba Msalaba Mwekundu ulianzia kwenye kitabu? Henry Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi, aliwakuta majeruhi wa vita vya Solferino mwaka 1859 wametapakaa bila mtu wa kuwahudumia. Mwaka 1862 akachapisha nakala 1,600 za alichokiona, kwa pesa zake mwenyewe. Mwaka uliofuata shirika likazaliwa!

Hii itakufurahisha. Mwaka 1919 mama mmoja Mwingereza, Eglantyne Jebb, alikamatwa London kwa kugawa karatasi zenye picha za watoto wa Austria waliokuwa wakifa njaa. Mahakama ikamtoza faini ya pauni 5. Mwendesha mashtaka mwenyewe, baada ya kumsikiliza, akatoa pauni 5 mfukoni mwake akampa!

Zile pauni 5 zikawa mchango wa kwanza wa Save the Children. Ndiyo, shirika lilelile ambalo jina lake unaliona kwenye magari hadi leo.

Na Amnesty International? Ilianza na makala moja ya gazeti. Tarehe 28 Mei 1961 mwanasheria Peter Benenson aliandika katika The Observer juu ya wafungwa waliosahauliwa duniani. Alipanga kampeni ya mwaka mmoja tu. Imepita miaka zaidi ya 60, bado ipo.

REDIO, MALKIA WA BONDE

Je, wajua kwamba mwaka 1993 dereva wa lori aliwafundisha Watanzania kujikinga na UKIMWI, na dereva huyo hakuwahi kuzaliwa? Aliitwa Mkwaju, mhusika wa mchezo wa Radio Tanzania ulioitwa Twende na Wakati. Kila kituo alikuwa na mwanamke, na wasikilizaji walimfuatilia njia nzima hadi ugonjwa ulipompata.

Wataalamu wakafanya jambo la ajabu: Dodoma haikurushiwa mchezo huo kutoka 1993 hadi 1995, ili walinganishe. Waliomsikiliza Mkwaju walibadilika kuliko wale wasiomsikia. Baadaye Dodoma nayo ikapewa zamu yake, usiihurumie sana!

Mbinu hiyo ilitoka wapi? Mexico. Mwaka 1975 Miguel Sabido alitunga mchezo wa televisheni juu ya watu wazima wanaojifunza kusoma na kuandika. Katika mwaka mmoja hivi watu zaidi ya 800,000 wakajiandikisha kwenye masomo ya watu wazima. Wahusika walisoma, na watazamaji wakataka kusoma!

Kenya wakaidaka mapema. Mwaka 1987 redio yao ilianza mchezo wa uzazi wa mpango, nao wakaubatiza kwa methali: Ushikwapo Shikamana. Ukisikia jina tu, umeshashikwa.

Na majirani zetu wa Bujumbura, ambao taa zao tunaziona usiku kutoka Uvira? Studio Ijambo ilifunguliwa huko mwaka 1995 na shirika la Search for Common Ground, vita vikiwaka. Mtunzi Marie-Louise Sibazuri akaandika mchezo wa redio juu ya familia mbili jirani, moja ya Wahutu na nyingine ya Watutsi. Jina lake, Umubanyi Niwe Muryango, maana yake ni kwamba jirani ndiye ndugu.

Rwanda nao walianza mchezo wa redio Musekeweya, yaani Mapambazuko Mapya, mwaka 2004. Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alivifuatilia vikundi vya wasikilizaji kwa mwaka mmoja, kisha akawapa zawadi ya redio na kanda. Waliosikiliza mchezo wa afya walielekea kumkabidhi kiongozi azitunze. Waliosikiliza Musekeweya walijadiliana, wakakubaliana kuzitunza pamoja! Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo.

Kwetu, Radio Okapi ilianza kusikika tarehe 25 Februari 2002, nchi ikiwa imekatwa vipande na majeshi. Ilisema Kifaransa, Lingala, Kiswahili, Tshiluba na Kikongo. Mtu wa Bukavu na mtu wa Kinshasa, ambao hawakuweza kutembeleana, wakasikia habari ileile saa ileile.

WENYEWE WAKISEMA

Je, wajua kwamba mwaka 2003 waandishi wa habari wanawake wa Kivu ya Kusini waliungana na kuunda chama chao, AFEM? Chouchou Namegabe, aliyejifunza kazi Radio Maendeleo ya Bukavu, alikuwa mmoja wao. Walibeba vinasa sauti hadi vijijini, wakawapa kipaza sauti akina mama waliobakwa, wakati ambapo jambo hilo halikutajwa hata chini ya pumzi.

Mei 2009 Chouchou alisimama mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani, akasimulia aliyoyasikia kwa akina mama hao. Kutoka studio ndogo ya Bukavu hadi Washington! Hakubeba bunduki wala pesa, alibeba sauti.

Unaitazama milima ile inayoinuka juu ya bonde letu? Huko juu ndiko Lemera. Denis Mukwege alikuwa mganga mkuu wa hospitali ya Lemera iliposhambuliwa Oktoba 1996 na wagonjwa wakauawa vitandani. Mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi, Bukavu. Mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Sasa sikiliza hii ya mananasi. Oktoba 2012 watu wenye silaha walivamia nyumba ya daktari huyo, akaenda kuishi ng'ambo. Akina mama wa kisiwa cha Idjwi wakaanza kuuza mananasi na vitunguu ili wamkatie tiketi ya ndege! Januari 2013 akarudi, na njia kutoka uwanja wa ndege ikafurika watu.

Hebu fikiri: ni barua ngapi za maofisa zingeweza kumrudisha? Mananasi yalifanya kazi.

Filamu juu ya kazi yake, ya Thierry Michel na Colette Braeckman, ilipigwa marufuku Kongo Septemba 2015. Mwezi uliofuata marufuku ikaondolewa. Filamu moja ilitosha kuifanya serikali igeuze uamuzi wake!

Na sinema kijijini je? Pacha wawili wa Uholanzi, Ilse na Femke van Velzen, walitengeneza mwaka 2007 filamu juu ya wanawake wa Kongo waliobakwa na waume waliosimama nao. Haikubaki Ulaya. Ilibebwa vijijini mashariki mwa Kongo, pazia jeupe likafungwa, jenereta ikawashwa, wanaume na wanawake wakakaa chini kutazama pamoja, kisha wakazungumza.

Je, wajua kwamba mwaka 1987 Franco Luambo, simba wa rumba, alitoa wimbo mrefu wa zaidi ya dakika 15 kuonya juu ya UKIMWI? Watu walikuwa bado wananong'ona. Yeye aliimba kama mhubiri, na gitaa likimsindikiza.

Uganda ilikwenda hatua zaidi. Aprili 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alisimama hadharani akasema: mimi ninaumwa UKIMWI. Wengine walidai anatafuta soko la kanda zake. Akazunguka shuleni na makanisani akisimulia, hadi alipofariki Desemba mwaka huohuo.

Miaka miwili kabla, mama mjane Noerine Kaleeba alikuwa ameanzisha shirika la TASO, baada ya kumpoteza mumewe. Kwa hadithi za watu kama hawa, pamoja na kazi ya madaktari na serikali, maambukizi Uganda yalishuka kutoka karibu asilimia 15 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi karibu asilimia 5 mwaka 2001. Shuka namna hiyo!

Mwaka 2008 mwandishi Vicky Ntetema wa BBC, Dar es Salaam, alijifanya mteja akaenda kwa waganga waliokuwa wakiuza viungo vya watu wenye ualbino. Alipotangaza aliyoyaona, ikabidi ajifiche kuokoa maisha yake. Baadaye akaongoza kazi za shirika la Under the Same Sun nchini Tanzania.

Na hebu sikia lugha yenyewe ilivyogeuka. Zamani wengi walisema zeruzeru bila kuona haya. Leo redio na magazeti yanasema mtu mwenye ualbino. Ukibadilisha jina la mtu, unaanza kubadilisha jicho linalomtazama.

Kenya, Nice Nailantei Leng'ete alikimbia nyumbani akiwa mtoto ili asikeketwe. Alipokua hakuwatukana wazee wa Kimaasai, alirudi akaketi nao, akaongea nao mwaka baada ya mwaka. Wakampa fimbo nyeusi ya uongozi, fimbo ya wanaume! Mwaka 2018 jarida la Time likamweka kati ya watu 100 wenye ushawishi mkubwa duniani.

Wangari Maathai naye alipenda kusimulia juu ya kindege kilichobeba matone ya maji mdomoni kuzima moto wa msitu, tembo wakiwa wamesimama wanatazama. Mwaka 1989 kindege huyo alikuwa yeye mwenyewe: alipinga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, Nairobi. Jengo halikujengwa, watoto bado wanacheza pale.

MMOJA ANASHINDA MAMILIONI

Je, wajua kwamba moyo wa binadamu haujui hesabu? Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio hili. Watu walipewa dola 5, wakaombwa wachangie wenye njaa Afrika. Waliosomewa takwimu za mamilioni walitoa wastani wa dola 1.14. Waliosomewa habari ya msichana mmoja wa Mali, Rokia, mwenye miaka 7, walitoa dola 2.38. Zaidi ya maradufu!

Ngoja, ajabu haijaisha. Waliopewa vyote viwili, Rokia pamoja na takwimu, walitoa dola 1.43. Namba zilimpunguza Rokia! Siku ukiandika ombi la msaada kwa ajili ya shule ya mtaa wako, anza na mtoto mmoja.

Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, ilinusurika vivyo hivyo. Kampuni ya Soco ya Uingereza ilitaka kutafuta mafuta ndani yake. Filamu ikaionyesha dunia gorila yatima na walinzi wanaowalea, na shirika la WWF likakusanya saini zaidi ya 700,000. Juni 2014 kampuni ikatangaza kusimamisha kazi humo.

HADITHI IKIKOSA MWENYEWE

Lakini usidhani kila hadithi ni asali. Oktoba 1984 mpiga picha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alionyesha njaa ya Ethiopia kupitia BBC. Vituo 425 viliirusha, watu milioni 470 wakaiona! Michango ikamiminika, maisha ya wengi yakaokolewa.

Kisha wanamuziki wa Uingereza wakatoa wimbo wa kuchangisha, wakiuliza kama watu wa huko wanajua kwamba ni Noeli. Je, wajua Ethiopia ilikuwa nchi ya Kikristo tangu karne ya 4, kabla Waingereza wengi hawajasikia Injili? Wangewauliza Waethiopia kwanza, wangejibiwa!

Machi 2012 video moja ya dakika 30 juu ya kiongozi wa waasi Joseph Kony ilitazamwa mara milioni 100 ndani ya siku sita. Ilipoonyeshwa Lira, kaskazini mwa Uganda, kwa watu wenyewe waliokatwa na kutekwa, waliondoka kwa hasira na mawe yakarushwa. Walitafuta habari yao humo, wakamkuta mgeni.

Novemba mwaka huohuo wanafunzi wa Norway na wa Afrika Kusini walitoa video ya mzaha wakiwaomba Waafrika wachangie mashine za kupasha joto, kwa kuwa watoto wa Norway wanakufa baridi! Dunia ilicheka, kisha ikanyamaza. Hivyo ndivyo inavyokuwa mtu akikujua kwa shida yako peke yake.

Na hii ya kwetu Kivu ni nzito, shika kikombe chako. Mchezo wa redio Kumbuka Kesho ulitungwa kupatanisha watu wa mashariki mwa Kongo. Sehemu fulani uliongezewa kipindi cha kuwachochea wasikilizaji wajadili. Matokeo yaliyochapishwa 2010? Walijadili zaidi, lakini wakakumbushana machungu, na walipopewa chumvi na kuombwa wawagawie wasiowapenda, walikuwa wazito kutoa. Kuongea kwingi si dawa peke yake. Kunahitaji mwongozaji.

Ebola nayo ilitupa somo. Septemba 2018, kati ya watu wazima 961 waliohojiwa Beni na Butembo, mmoja kati ya wanne alisema Ebola haipo. Wagonjwa walikuwa wakifa jirani! Ugonjwa huo ulichukua watu 2,287 kabla haujatangazwa kwisha Juni 2020.

Kwa nini watu hawakuamini? Mabango mengi yaliandikwa Kifaransa na Kiswahili sanifu, wakati akina mama sokoni wanasema Kiswahili chao cha Kongo. Watu walinong'ona pia kwamba mifuko ya maiti imejazwa mawe. Msalaba Mwekundu ukaacha kubishana, ukaleta mifuko inayoonyesha uso wa marehemu. Familia zikaona, zikazika.

Na waliopona je? Hao ndio waliogeuka dawa. Walirudi vituoni Beni kulea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Ukimwona mwenye kupona amebeba mtoto, utasema tena ugonjwa ni uongo?

NA SANGE JE?

Je, wajua kwamba jina la Sange limewahi kutajwa katika redio za dunia nzima usiku mmoja? Ni tarehe 2 Julai 2010, siku Ghana ilipocheza robo fainali ya Kombe la Dunia na Uruguay. Lori la mafuta lilipinduka hapa barabarani, likalipuka, na watu zaidi ya 230 wakafa, wengi wakiwa wameketi kutazama mpira. Tunawakumbuka kwa heshima. Wahudumu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, watoto wa kitabu kile cha 1862, ndio waliowasitiri.

Kisha vipaza sauti vikakunjwa, magari ya waandishi yakaondoka. Ulimwengu ukabaki na habari moja ya Sange: moto.

Lakini wewe unaijua Sange ya mpunga wa bonde la Ruzizi, ya akina mama wanaoanika ndagala, ya vijana wa pikipiki wanaojua kila shimo la njia ya Uvira. Nsala aliketi barazani. Chouchou alinyoosha kipaza sauti. Wote wawili walianza na mtu mmoja, mahali pamoja.

Basi leo jioni, ukipita sokoni, muulize mama mmoja: mama, kama dunia ingekusikiliza kwa dakika moja, ungeiambia nini juu ya Sange? Andika alivyosema, kwa maneno yake mwenyewe, na umwulize kama anakubali jina lake litajwe. Halafu njoo nayo hapa kwenye benchi. Nafasi tumekuwekea.